Deni la Mfano kwa Asili Yake

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili ngeli, tafsiri, tenzi na taabu za kufundisha. Msomaji atuwie radhi ikiwa safari hii tunaanza na mchezo, tena mchezo wa magari madogo yashikikayo kwa mkono mmoja, ambayo watu wazima wa Ulaya na Marekani huyaunda kwa miezi kadhaa kisha wakayashindanisha juu ya meza. Tumeuchagua mchezo huo kwa kuwa umebeba swali ambalo sisi walimu wa lugha hukutana nalo kila siku bila ya kulitaja: mtu atengenezapo mfano wa kitu, je, ana deni lolote kwa kitu chenyewe? Na kama analo, humlipa nani, maadamu kitu hakidai wala hakishtaki?

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe, kwani si wengi miongoni mwetu waliopata kuuona. Njia ya magari hayo hutengenezwa kwa mbao au plastiki, nayo huchimbwa mfuo mmoja mwembamba kwa kila gari. Kandokando ya mfuo, huku na huku, hupita kanda mbili za madini zinazochukua umeme, aghalabu wa volti 12. Chini ya pua ya gari pana kipini kinachoingia mfuoni na kuliongoza gari, na ubavuni mwa kipini hicho pana nyuzi za shaba zilizosukwa, ambazo hugusa zile kanda na kuupeleka umeme kwenye mota. Mchezaji hushika mkononi kidude chenye kifyatuo. Akikibana sana gari hukimbia, akikilegeza hupunguza mwendo. Usukani hana. Kazi yake yote ni kujua kiasi, kwani akizidisha mwendo penye kona gari huchomoka mfuoni na kubiringika. Kwa vile hatujapata kukutana na jina la Kiswahili la vyombo hivyo lililozoeleka, hapa tutaviita magari ya mfuo. Mwenye neno bora na alilete, tutalipokea kwa shukrani.

Mchezo huu si wa jana. Kampuni ya Lionel ya Marekani iliuza magari ya umeme ya kuchezea tangu mwaka 1912. Lakini sura yake tuijuayo ilitokea mwaka 1957, wakati Mwingereza Fred Francis, aliyekuwa akitengeneza magari ya bati ya kuchezea, alipoyapa mota ya umeme na kuyaonyesha katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate kwa jina la Scalextric. Katika miaka ya 1960 mchezo ulivuma mno huko Marekani, kisha ukapoa kabla ya muongo huo kwisha. Waliobaki nao baada ya uvumi kupita ndio wanaotuhusu, na hasa kundi moja miongoni mwao.

Kundi hilo halitoshelezwi na gari liendalo kasi. Hutaka gari lililo kweli. Mwenye kuunda gari la mashindano ya mwaka fulani hukusanya picha za mwaka huo, akahesabu taa za mbele, akapeleleza bomba la moshi lilitokezea upande gani, namba ya mlangoni iliandikwa kwa herufi za umbo gani, na rangi ilikuwa nyekundu ya namna ipi. Atajichongea bodi kwa mkono ikiwa ile inayouzwa dukani imekosewa kwa milimita moja. Na baada ya taabu yote hiyo, hulitia gari lake mbioni, ambako laweza kuvunjika katika kona ya kwanza.

Tuchukue mfano wa gari moja la huku kwetu Afrika ya Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nayo yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakamaliza 7 vile vile. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na miaka yote miwili gari lao lilikuwa Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, yaani 1966 na 1967, gari la aina ile ile liliwapa ushindi Bert Shankland wa Dar es Salaam na mwenzake Chris Rothwell. Sisi wa Bujumbura hatukupitiwa na mashindano hayo, lakini Peugeot tuliijua. Ile 404, na baadaye 504, zilizijaza barabara za nchi nyingi za Afrika zitumiazo Kifaransa, na hadi leo wazee wetu huzitaja kwa namba tu, kama mtu amtajavyo jirani kwa jina la utani.

Basi mtu akusudiapo kuiunda 404 ya mwaka 1968 kwa kipimo cha 1 kwa 32, ambapo kila sentimita 32 za gari halisi huwa sentimita 1 ya mfano, atapata gari la urefu wa sentimita 14 hivi. Lakini mara tu atakapoketi kufanya kazi, swali litamkabili: gari lipi hasa? Je, lile lililoondoka likiwa limeng'arishwa, taa zake zote zikiwa nzima? Au lile lililorejea baada ya siku kadhaa za mvua, limepakwa tope hadi paani, na bati lake limebonyea? Yote mawili ni kweli, lakini ni kweli ya saa mbili mbalimbali, na mfano mmoja hauwezi kuwa katika saa mbili.

Wapo waundaji wanaopenda kupaka matope ya rangi, wakidai kuwa gari la Safari lisilo na tope ni uongo. Hoja hiyo ina uzito, ila sisi tunaona kwamba tope lipakwalo bila ya picha ya kulishuhudia ni pambo kama pambo jingine. Anayelipaka gari tope asiloliona hana tofauti na anayelipaka dhahabu. Uchafu nao una historia yake, na mwenye kuubuni amebuni historia.

Huo lakini ni mtihani mwepesi. Mtihani mzito huja magari yatakapowekwa mfuoni, kwani hapo ukweli na ushindi huanza kuvutana. Tairi za 404 zilikuwa na upana wa milimita 165 hivi; tukigawa kwa 32 twapata milimita 5 na ushei. Tairi nyembamba namna hiyo hazishiki njia vizuri penye kona. Mwenye kuzipanua hadi milimita 8 atawashinda wenziwe, na atazamaye kutoka kando hatagundua lolote. Vivyo hivyo bodi ikishushwa kidogo gari hutulia zaidi, ingawa gari la Safari liliinuliwa makusudi ili lisikwame katika mawe. Lipo na jambo la sumaku: kipande kidogo cha sumaku kikifichwa chini ya gari huvutwa na zile kanda za chuma za njia, na gari hulala mfuoni kama lililogandishwa. Kwa macho ni Peugeot ya mwaka 1968. Kwa mwendo si Peugeot, wala si gari lolote lililopata kutembea juu ya ardhi. Ndiyo maana vilabu vingi vya wapenda historia vimekataza sumaku, na hupima upana wa tairi kabla ya mbio kuanza.

Hapa mtu aweza kuhitimisha upesi kwamba mwema ni yule aliye sahihi katika kila kipimo, na mwovu ni yule aliyepanua tairi. Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo! Tufanye hesabu. Mfano ukipunguzwa mara 32 kwa urefu, hupungua pia mara 32 kwa upana na mara 32 kwa kimo, kwa hiyo ujazo wake hupungua mara 32,768. Gari la tani moja lingetoa mfano wa gramu 30 na ushei. Ukiutia mfano huo mota, ekseli, gia na kile kipini cha kuongozea, umekwisha kuupita uzito huo maradufu au zaidi. Na hata kama fundi hodari angeupata uzito ule, nguvu ya dunia inayovuta vitu chini haikupunguzwa mara 32; inaivuta 404 ndogo kama ilivyoivuta ile kubwa. Ndiyo maana magari madogo yakipinduka huruka kama panzi, ilhali magari makubwa hupinduka kwa uzito wa kutisha. Hakuna fundi duniani awezaye kulisahihisha hilo.

Kwa hiyo mfano hauna budi kuiacha kweli mahali fulani. Jambo hilo likishakubaliwa, swali letu hubadilika. Haliwi tena, Je, mfano huu umesema kweli yote? bali huwa, Umeiacha kweli wapi, kwa haja ya nani, na je, umepaonyesha mahali hapo? Mwenye mota nzito kupita kipimo ameiacha kweli kwa kulazimika, na kila aonaye anajua kwamba gari lisilo na mota halitakwenda. Mwenye kupanua tairi kwa siri ameiacha kweli kwa haja ya ushindi wake, na akapaficha. Milimita 3 za upana wa tairi ni kosa dogo kuliko gramu 60 za uzito, tukipima kwa rula na mizani. Tukipima kwa dhamiri, mambo hugeuka.

Walimu wenzetu wa tafsiri watakuwa wamekwisha kutambua tunakoelekea. Mwalimu Julius Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi, iliyotolewa mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Shakespeare alisema mfanyabiashara, tena mmoja. Mwalimu akasema mabepari, tena wengi, na neno bepari katika Tanzania ya miaka ile halikuwa neno baridi. Je, hiyo ni tairi iliyopanuliwa? Wako wanaosema ndiyo, kwamba mfasiri aliipa tamthilia ya karne ya 16 mwendo wa siasa ya wakati wake. Sisi tunaona kwamba jambo moja lapasa kuhesabiwa kwa upande wake: neno hilo hakulificha katikati ya tendo la tatu, bali alilibandika juu ya jalada, mahali ambapo kila msomaji angeliona kabla ya kufungua kitabu. Anayetaka kubishana naye anajua mahali pa kuanzia. Mfasiri wa kuogopwa ni yule ambaye jalada lake ni sahihi kabisa, na kumbe ndani amepunguza maneno makali ya mhusika mmoja ili mwingine apendeze.

Tena tusiwatazame wafasiri peke yao. Neno mfano katika lugha yetu lina kazi mbili: ni kile kitu kidogo kinachofanana na kikubwa, na ni ile sentensi ambayo mwalimu huiandika ubaoni. Juma anasoma kitabu. Asha anapika chakula. Watoto wema huwatii wazazi wao. Hakuna aliyepata kumsikia mtu akisema sentensi hizo njiani, lakini hatuzilaumu, kwani mwanafunzi hujifunza upatanisho wa sarufi kwazo, na upatanisho huo ni kweli. Sentensi hizo ni 404 ya gramu 30: zimepunguzwa uzito ili zishikike kwa mkono.

Hatari iko mahali pengine. Katika madarasa ya Bujumbura wamo watoto waliozaliwa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani tangu enzi ya ukoloni. Kiswahili chao kina maneno ya Kirundi na ya Kifaransa ndani yake, kina matamshi yake, na kina njia zake za kuunganisha viambishi ambazo vitabu vyetu havizitaji. Mwalimu ana haki, hata wajibu, wa kuwafundisha Kiswahili sanifu, kwa sababu ndicho kitakachowafikisha Dodoma na Nairobi katika barua na mitihani. Kiswahili sanifu chenyewe ni mfano ulioundwa, tena kwa makusudi. Kilisimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, baada ya lahaja ya Unguja mjini kuchaguliwa kuwa msingi. Lakini mwalimu akimwambia mtoto wa Buyenzi kwamba huo mfano ndio lugha nzima, na kwamba nyumbani kwao mama hasemi Kiswahili bali anakiharibu, hapo amefanya lile la sumaku. Darasa litatulia, mitihani itapita bila ya mtu kuchomoka konani, na mtoto atarudi nyumbani akiwa ameanza kuyaonea haya maneno ya mama yake. Hatujui hasara gani katika mbio za magari madogo inayoweza kulinganishwa na hiyo.

Tukiwa bado Buyenzi, tuingie katika karakana zake, maana mtaa huo ni mtaa wa mafundi wa magari vile vile. Hapo swali la mfano na asili si la falsafa hata kidogo. Gari huletwa likiwa limeliwa bushi ya mguu wa mbele. Kipuri cha kiwandani hakipo, au kipo kwa bei isiyosemeka. Fundi huchukua kipande cha tairi kuukuu la lori, akakipima, akakichonga kwa kisu, akakitoboa, akakipachika. Kisha humwambia mwenye gari: hii nimekuchongea, si ya kiwanda, usipite nayo mwaka. Kipande hicho hakifanani na bushi ya asili kwa rangi wala kwa umbo la nje, lakini fundi amepaonyesha mahali alipoiacha kweli. Dukani, kwa upande mwingine, mnunuzi aweza kupewa pedi ya breki iliyotiwa katika boksi zuri, yenye chapa ya kiwanda maarufu, herufi zake zikiwa sahihi na rangi yake ikiwa sahihi, nayo haikupata kukiona kiwanda hicho. Ukitaka usahihi wa kuonekana, ndio huo! Mwundaji wa 404 ndogo angeisifu kazi ya aliyeiga lile boksi. Na mteremko wa kutoka Bugarama hadi Bujumbura, wenye kona zinazofuatana na malori yaliyosheheni, hausomi maandishi ya boksi.

Twaona basi kwamba mfano mdogo una fadhila moja ambayo hatukuitaja: udogo wake ni ungamo. Hakuna atakayejaribu kuipanda Peugeot ya sentimita 14. Kitu kilichopunguzwa hutangaza mbele ya wote kwamba si asili. Bandia ya ukubwa ule ule ndiyo iliyonyimwa ungamo hilo, kwa hiyo mtengenezaji wake hulazimika kuungama kwa mdomo, naye hataki, kwa kuwa faida yake yote imo katika kunyamaza.

Mtu atasema: hayo ya breki tunayakubali, kwani yanaua, lakini milimita 3 za tairi la kuchezea zinamuua nani? Hazimuui mtu. Hata hivyo wapo wanaodai. Wa kwanza ni mshindani wa mfuo wa pili, ambaye alizichonga tairi zake kwa milimita 5 na akakubali kuteleza. Pana desturi miongoni mwa wachezaji hao ya kupelekeana magari kwa posta: mwundaji hubaki kwao, gari lake huenda nchi nyingine na kuendeshwa huko na watu asiowaona. Anayelipokea gari hilo huligeuza na kulitazama chini, na mwenyewe hayupo kujieleza. Kwa hakika hatufahamu mahali pengi ambapo kazi ya mtu humsemea kwa uwazi kama hapo, isipokuwa labda daftari la mwanafunzi analolisahihisha mwalimu usiku.

Mdai wa pili ni wale waliofanya jambo lenyewe. Magari 86 ya mwaka 1968 yalishindwa kufika. Ikiwa 404 ya mezani yapita kila mahali bila ya kuteleza, mtazamaji mdogo atauliza kwa nini watu wale walitaabika, na hakuna atakayeweza kumjibu. Walio hai husema wenyewe wakisingiziwa. Waliokwisha kufa wana picha zao tu, pamoja na yule anayezitazama kwa subira.

Hata hivyo tuna neno juu ya wapenda historia hao, na hatulisemi kwa kejeli, kwani subira yao tunaiheshimu. Usahihi wao huhesabu skrubu za mlango. Ndani ya gari huketi dereva na msoma ramani, wamepakwa rangi hadi ukanda wa kofia. Lakini Safari za mvua zilikuwa na watu wengine. Gari lilipozama katika tope jeusi, waliokuwa kando ya njia walikuja wakaliweka mabega, wakalisukuma, wakalitoa, na tairi zikawarushia tope usoni likiondoka. Picha za mashindano ya miaka ile zinawaonyesha, wengine wakiwa pekupeku. Orodha za washindi haziwataji. Mfano wa 1 kwa 32 nao hauna mahali pa kuwaweka, kwa sababu mfuo hauna tope na gari la mfuo likikwama huinuliwa kwa vidole viwili.

Tutajibiwa kwamba huo ni mfano wa gari, si mfano wa mashindano, na jibu hilo ni la haki. Ila basi na uitwe hivyo. Mtu akiuita mfano wake historia, amekaribisha maswali ya historia, na swali la kwanza la historia ni nani alikuwapo.

Watoto wetu wana gari jingine. Limesukwa kwa waya, kama yalivyo magari ya wenzao wa Uvira, Kigoma na Lubumbashi. Magurudumu yake ni soli za kandambili zilizokatwa duara, au vizibo, au vifuniko vya makopo. Bodi haina bati, ni mistari tu ya waya hewani, kama mchoro uliosahau karatasi yake. Kutoka katika ekseli ya mbele huinuka mwanzi mrefu hadi usawa wa kifua cha mtoto, na juu ya mwanzi pana duara la waya: huo ndio usukani. Mtoto akiuzungusha kulia, magurudumu ya mbele huelekea kulia. Hapo pana tofauti ambayo hatuchoki kuitafakari. Gari la mfuo lina kila kitu cha gari isipokuwa usukani. Gari la waya halina karibu kitu chochote cha gari isipokuwa usukani.

Plato, katika kitabu cha 10 cha Jamhuri, alimlaumu mchoraji wa kitanda kwa kuwa hajui kitanda. Anajua tu jinsi kitanda kinavyoonekana kutoka upande mmoja, naye yuko mbali na kweli kuliko seremala. Hatujui angemweka wapi mtoto wa waya. Mtoto huyo hakuiga sura ya Toyota. Toyota na Peugeot za waya hutofautiana kwa mkunjo mmoja au miwili tu. Aliloliiga ni tendo. Ameingia chini ya gari lililoegeshwa, au amechungulia karakanani, akaona jinsi mzunguko wa juu unavyogeuka kuwa mwelekeo wa chini, akautafutia waya. Kama ni elimu, hiyo ni elimu ya seremala. Kama ni uongo, basi ameuacha wazi kiasi kwamba waweza kupitisha mkono ndani yake.

Na ndani ya gari hilo hakuna dereva. Kiti chake ki tupu, hata kiti chenyewe aghalabu hakimo. Dereva yuko nyuma, anatembea kwa miguu yake, mikono yake iko kwenye usukani na jasho lake liko mgongoni, na gari lisipokwenda ni kwa sababu yeye hakulisukuma. Msukumaji, ambaye mfano wa mezani haukumpatia mahali, hapa ndiye sehemu kubwa kuliko zote, na hakuna kipimo kilichompunguza. Mwaka 2024 petroli ilipoadimika mjini, na magari yakapangwa foleni ndefu mbele ya vituo vya mafuta, magari ya waya yalipita kando ya foleni hizo, na wenyewe walikuwa wakibadilisha gia kwa midomo.